Maji Uliyoyachemsha, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na bado unagombana na yule kuku asiyetaga. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo. Usianze kulia, nakula.

Uliniuliza ni masomo gani haya yasiyoisha. Mama, nina wasimamizi wawili. Mwanakemia anataka maji ya visima kwenye chupa, yapimwe, yawe namba. Mwalimu wa elimu ya jamii anataka maneno ya wanaoyanywa. Huyu akifurahi, yule ananuna. Mmoja aliyaita mahojiano yangu porojo. Mwenzake akasema majedwali yangu hayana watu ndani. Miaka minne nimekuwa kama mtoto wa wazazi waliotengana, natumwa huku na huku.

Mwezi uliopita niliwaketisha meza moja. Nilikuwa nimepima kisima chetu cha zamani, kile kilichopakana na mashamba. Mbolea imepenya humo, nyingi mno kwa mtoto mchanga, na mwanakemia akasema haiondoki hata maji yakichemshwa. Mwenzake akauliza kama kuna aliyewahi kuyachemsha. Nikawasomea maneno ya mhojiwa wa kumi na mbili: kwamba alichemsha kila tone la maji ya kukorogea maziwa ya unga ya mwanawe, na mtoto alipofariki watu wakasema mama ni mvivu, hakuchemsha. Mwanakemia alivua miwani, akaniambia sura yenye maneno hayo ndiyo moyo wa kazi yangu.

Mama, mhojiwa huyo ni wewe. Siku ile jikoni simu yangu ilikuwa inarekodi, sikukuambia. Nimekosa. Kwenye bahasha kuna fomu ya ridhaa. Usipotaka kutia sahihi, nitaiondoa sura nzima nianze upya, na wallahi sitakununia.

Siwezi kuapa kwamba ni maji yale yaliyomchukua mdogo wangu. Vipimo vya leo havifiki huko. Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya fomu. Shangazi alipokusema, nilikuwa na miaka tisa. Sufuria nilikuwa naiona kwa macho yangu kila asubuhi, inatokota, na bado nilimwamini yeye. Nisamehe, mama. Ulichemsha.

Msalimie baba, apunguze sauti ya redio. Na shangazi akija, mkaribishe vizuri, umpe kiti, umsomee barua hii yote.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kifungua mimba wako, mwenye domo