Mpangaji Uliyemsifu

Kitengela,
16 Novemba 2003

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa bintiyo Jentrix. Ni matumaini yangu kuwa wewe na Mama mko salama huko Mbale, na kwamba lile goti lako limekubali kukufikisha kanisani. Mimi ni mzima, shule tunafundisha vizuri, na vumbi la Kitengela halijapunguza bidii. Nina furaha nyingi, Baba, hata mwandiko wangu utauona umepinda. Nisamehe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa posta. Kumbe hutauza nyumba yako ya huku Kitengela! Nilipiga kigelegele mpaka watu wa foleni ya stempu wakageuka. Najua mwaka jana ulikuwa umeshachoka nayo. Uliijenga kwa pesa zako za kustaafu, ukamwachia ajenti Githongo funguo, ukarudi nyumbani kungoja kodi iwe karo ya mdogo wangu Brayo. Ulichopata ni wapangaji wanne kwa mwaka mmoja, na wa mwisho aliweka ngozi za mbuzi sebuleni! Ukaapa kwamba ikikaa tupu tena hata mwezi mmoja, unaiuza.

Githongo si mwizi, Baba. Lakini ofisini kwake funguo zimening'inia ukuta mzima, na kila mpangaji mpya akiingia, kodi ya mwezi wa kwanza ni yake. Sasa atamtafutia nani mpangaji wa kukaa, kama anayehama ndiye anayemlisha? Nilipomuuliza alicheka, akasema mwalimu, kila mtu na kazi yake.

Basi uliponiruhusu kuchukua funguo, niliandika kibao kwa mkono wangu nikakifunga langoni. Nilijiona kama mkuu wa shule anayesajili wanafunzi! Kwa Jumamosi mbili walikuja watu kumi na mmoja. Mmoja aliuliza maji kabla hata ya kunisalimia. Mwingine alitaka kubomoa ukuta wa jikoni apate nafasi ya meza ya pool. Jirani yetu, mzee Parsaoti, alisimama pale na fimbo yake akiwasalimia kwa Kimaasai, "sopa", mmoja mmoja, na kila alipokosa kuitikiwa alinitikisia kichwa nimkatae mtu huyo. Tuliwakataa wote, na mwezi ukawa unaisha.

Ndipo akapatikana huyu uliyemsifu. Analipa kabla ya tarehe tano. Amepanda sukuma nyuma ya nyumba, na amembembeleza Parsaoti mpaka akamvutia bomba kutoka kisima chake. Umeandika kwamba mtu kama huyo ni baraka, nimwambie ajione yuko kwao, na kwamba Desemba utakuja na kuku umshukuru ana kwa ana.

Hapo ndipo nilipoona siwezi kukuficha tena. Baba, mpangaji huyo ni mimi.

Jumamosi ile ya pili nilikaa kwenye sakafu tupu, nikaona nyumba inakuponyoka. Nami nilikuwa nalipia chumba kimoja karibu na soko, choo tukigombania watu ishirini. Nikajiuliza kwa nini nimtajirishe mtu mwingine. Lakini nakujua. Ungesema binti halipi kodi kwa babake, ukatae pesa zangu, na Brayo arudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Au ungesema msichana anayejifungia katika nyumba ya babake haposwi. Kwa hiyo nilihamia kimya kimya, nikawa nakutumia kodi bila kulitaja jina. Nimekudanganya tangu Januari na imeniuma sana, hasa ulipokuwa ukimwombea mpangaji heri. Hata hivyo sijutii siku hata moja niliyolala humu.

Nakuomba usinifukuze. Wala usinisamehe kodi mpaka Brayo amalize Form Four. Njoo na mkataba nitie sahihi kama watu wengine.

Na kuku usimwache. Nitampika mwenyewe, na firigisi, kama desturi yetu, utaila wewe mwenye nyumba, mimi nikikutazama.

Nisalimie Mama, na Brayo akifunga shule. Wanaouliza nitaolewa lini wasalimie pia, uwaambie niko na nyumba ya kutunza.

Ni mimi bintiyo, na mpangaji wako,
Jentrix