Kopo la Saba

Mama Watoto,

Maji ya kwenye jagi msinywe, yamwageni. Chemsha mengine. Matunda niliyokata jana yatupwe pia, hata kama yanapendeza. Kikombe changu na taulo langu vimo kwenye ndoo ya bluu yenye klorini, mtu asivitoe. Muuguzi atapita saa nne kuchukua sampuli za choo, chako na cha watoto. Usinicheke.

Cheka tu, nastahili.

Majibu ya mkahawa wa wifi yako nimepigiwa simu asubuhi hii. Unakumbuka wapishi walivyoona haya kutoa choo, nami Bwana Afya nikaongeza kopo langu, la saba, ili kuwatoa aibu? Basi wale sita ni wazima. Homa ya matumbo imo kwenye langu. Mimi, nisiyeumwa hata kichwa, ninayemkatia dada matunda ya wateja kila Jumamosi! Wateja tisa wamelazwa kwa mikono hii.

Naenda kuanza dawa, kisha nikafungue kufuli nililompigia dada kwenye mlango wa mkahawa. ~~Akipiga simu mwambie niko kikaoni.~~ Akipiga simu mwambie ukweli. Nakwenda kumwomba radhi mbele ya watu.

Maana mbele ya watu ndipo nilipomwamuru anawe mikono, kama mtoto. Alinawa, akajifuta, akaniuliza taratibu, "Na wewe kaka, hunawi?"

Nikacheka.

Baba Watoto