Pampu ya mvuke ya Ogoti

Nyabate, ndugu yangu Ogoti nusura alale seli leo.

Si unajua ile pampu yake ya mvuke, ya kupandisha maji hadi kwa ng'ombe? Leo ndio alikuwa anaijaribu. Pipa juu ya moto, paipu ya shaba, moshi, kando ya mto.

Kando ya mto, Nyabate, kule wanakopikia pombe haramu.

Chifu akatokea na askari. "Ogoti, hata wewe unapika chang'aa?"

"Chifu, hii ni injini."

"Injini."

Chifu akakinga matone ya paipu, akaonja. Akaonja tena. Mara ya tatu akaonja kama mtu anatafuta kitu alipoteza. "Ni maji."

Akamwachilia. Sasa Chifu anauliza wazee wawili wa kanisa, aliowakuta wamejificha kwa shamba la majani chai na vikombe mkononi, walikuwa wanangoja nini.