Ruta Iko Chumbani kwa Mama Mkwe

Mpendwa Shangazi Zuhra, naomba msaada, na ikiwezekana unijibu haraka, kwa sababu kazi yangu iko mashakani na hapa Kibondo sina wa kumweleza asinicheke.

Mimi ni mkalimani, nafanyia kazi nyumbani, daktari wa ng'ambo anapiga kwa mtandao, mgonjwa Mrundi yuko mbele yake, mimi nageuza Kifaransa kuwa Kirundi na Kirundi kuwa Kifaransa, na kazi hii sikupewa na mjomba, nilibeba maharage ya watu kwa baiskeli kutoka Gwarama nikajisomesha, nikajenga, nikafunga intaneti, ruta nikaiweka chumba cha nyuma kwa kuwa ndicho kinachotazama mnara wa simu, nilipima nyumba nzima, pale napata megabiti kumi na nane, sebuleni mbili, tena za kusuasua.

Sasa mke wangu Immakulata amejifungua, mama yake amekuja kutoka Busunzu kumwangalia, akapewa chumba hicho hicho, na tangu afike mtandao unakata kila asubuhi. Nimebadilisha laini, nimeongeza bando, nimepigia huduma kwa wateja wakaniambia niizime niiwashe, Shangazi, nitaizimaje na chumba anacholala mkwe kwangu ni mwiko kuingia, hata mlango wake nikiupita natazama pembeni. Juzi mama mmoja alikuwa anaelezwa dawa ya mtoto wake, nikatafsiri "mpe nusu", kabla sijafika nusu ya nini, kimya. Msimamizi wangu wa kazi amesema ikikata tena, basi. Sasa simu ikiita tu mikono inatoka jasho.

Na tatizo nalijua, maana ikikata jina la ruta linapotea kabisa kwenye simu yangu, halafu nasikia birika la umeme linaunguruma nyuma ya ukuta. Chumba kile kina soketi moja. Nikamgusia mke wangu, akasema, "Baba Ange, mama yangu amekuja kunikanda, wewe unamhesabia umeme?" Nikiendelea, mama atafunga mzigo, na ukoo wote utaambiwa nimemfukuza. Nifanyeje?

Claude, Kibondo

JIBU

Claude, pole kwa jasho. Yule mama wa kwenye simu nampa pole zaidi. Je, alipata mkalimani mwingine akaambiwa nusu ya nini? Kama hujui, ulizia sasa hivi, mengine yatasubiri.

Umelipima tatizo sawasawa. Jina likibaki na mtandao usipopita, lawama ni ya mnara; jina likipotea, ruta imekosa umeme. Lakini wewe umepima kila kona ya nyumba, halafu chumba chenye riziki yako ukampa mgeni bila kumwambia neno. Mama wa watu amekuta kisanduku kinapepesa taa, kimekalia soketi peke yake, na binti yake anasubiri maji ya kukandwa. Wewe usingekichomoa?

Na mkeo hukumwambia, ulimgusia. Hajui kwamba umepewa onyo, sivyo? Siku nzima unawasemea watu wasiokujua, ndani ya nyumba yako sentensi moja imekushinda.

Leo kabla ya chakula mweleze Immakulata habari ya mtoto yule na dawa yake, kama ulivyonieleza mimi. Ana kichanga mikononi, ataelewa kuliko msimamizi wako. Yeye ndiye aende kwa mama yake, na aende na ombi, asiende na mashtaka: ruta ibaki ilipo, birika lihamie sebuleni. Wala usije ukaviunganisha viwili hivyo kwenye ekstensheni moja, birika linakula umeme mwingi, utaunguza nyumba uliyoijenga kwa baiskeli.

Maji yachemshwe kabla hujakaa kwenye kompyuta, na wa kuyachemsha ni wewe. Ndiyo, wewe. Sebuleni hakuna mwiko. Yatie kwenye chupa za chai, mkeo atayapeleka ndani. Na simu yako iwe na bando la akiba, umeme wa Kibondo unaujua.

Ukishapanga hayo, mpigie msimamizi mwenyewe, usisubiri akupigie. Mwambie ruta ilikuwa inachomolewa, tatizo umelirekebisha, unaomba akupime upya. Mkwe usimtaje.