Khalfan Kaondoka Bila ya Kunywa Kahawa

Ami Seif,

Mungu akulaze pema. Nnakwandikia nikiwa na furaha mbaya, ile ya kumwona mtu unayemchukia akifedheheka mbele za watu. Ungekuwa hai ungenikata jicho. Leo nisikilize tu.

Khalfan alikwenda Matrah, nyumbani kwa Bwana Nasor muuza vitambaa. Unamkumbuka Nasor, yule aliyekuwa akimleta mwanawe afunzwe mpira kiwanjani kwako Ghubra, akisimama pembeni bila ya kusema neno. Mwanawe, Harith, sasa kijana mkubwa, ana umri ule ule niliokuwa nao mimi klabu ya Khalfan iliponichukua. Mguu wa kushoto wa dhahabu. Kabla mpira haujamfikia keshatazama nyuma mara mbili, kama ulivyotufunza sote. Namba kumi hasa, Ami. Na Khalfan, bado ndiye mudiri, meneja wa ile klabu kubwa, kamtaka kama alivyonitaka mimi.

Nasor akanipigia simu. "Njoo ukae na sisi Khalfan akija. Wewe ushapita huko."

Nikafunga viatu nikatoka. Nilikuwa nnaikumbuka siku uliyokwenda ofisini kwa Khalfan, umevaa dishdasha yako ya Idi, ukamwambia, "Mwacheni msimu mzima akae benchi nyuma ya mchezaji mkubwa wake, atazame. Huyu bado mbichi." Khalfan akacheka. "Watu wanataka kumwona, mzee." Mechi ya kwanza tu nikaanzishwa. Mabeki ovyo, mshambuliaji mgonjwa, timu nzima nimebebeshwa mimi. Kocha akaniambia nicheze haraka. Wakamfukuza. Aliyemfuata akanikataza kupiga pasi za mbele. Naye wakamfukuza. Akaja mwengine akanipeleka winga. Nikapigwa mateke mpaka nikajifunza jambo moja tu, nalo ni kuogopa. Mpira ukija nilikuwa nikitazama miguu ya adui, simtazami mwenzangu. Halafu goti likenda. Uwanja mzima ukanizomea kwa jina langu, na jina langu ndilo jina lako.

Hayo ningeyasamehe. Lakini Khalfan akenda kwenye televisheni akasema, "Kijana alishaharibiwa na ami yake tokea mwanzo. Kafunzwa mpira wa mchangani."

Nawe ulikuwa umekaa na mimi, unamsikia. Ukauliza kama Maghrib ishaadhiniwa. Basi. Hukuuliza jengine, na tokea siku ile hukukanyaga tena kiwanja. Daktari alisema ni moyo uliokuua. Mimi sijasoma udaktari, lakini nilikuona.

Na Khalfan akaja kwenye hitma yako! Akala, akanikumbatia, akaniambia sikioni kwamba ulikuwa mtu mwema. Mkeo, Bi Zuwena, alinibana mkono akaninong'oneza, "Si leo, mwanangu." Nikangoja.

Basi siku hiyo Khalfan kaja kwa Nasor na sinia la halwa, na mpiga picha, na jezi ishaandikwa jina la Harith mgongoni. Aliponiona uso ukamkunjika kidogo, kisha akajichekesha. Nikakaa karibu yake, goti kwa goti.

"Harith atakaa nyuma ya nani?" nikamuuliza.

"Hakai nyuma ya mtu. Ataanza."

"Na kocha nani?"

"Bado tunatafuta."

"Yaani hamjui hata mtamchezesha mpira gani."

Akamgeukia Nasor. "Huyu alishindwa, ndiyo maana ana uchungu."

"Nnao," nikasema. "Lakini hebu nambie mbele ya watu hawa. Mimi siku ile, nani alisema niko tayari? Kocha?"

Akatazama saa yake. Nasor, kwa upole wake ule ule, akamwambia, "Mjibu, bwana."

"Tulikuwa tushamtangaza kwa watu," Khalfan akamwambia Nasor. "Wewe ungefanyaje?"

Wallahi, Ami, nilitaka kumbusu kwa jibu lile. Chumba kizima kilisikia. Nikamwambia, "Kwa hivyo si Ami Seif aliyeniharibu." Hakunitazama. Kikombe cha kahawa kiko mbele yake, kinapoa.

Harith, aliyekaa ubavuni mwa baba yake muda wote, akaikunja jezi taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili. "Samahani, ami. Mimi nataka kufunzwa kwanza."

Khalfan akainuka. Viatu vyake hakuviona mara moja pale mlangoni, akawa anahangaika ameinama, na mpiga picha anamsubiri, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Nilimtazama mpaka akavipata. Nilifurahi. Sikuona haya.

Kabla ya Isha Matrah nzima ishajua. Washabiki wake mwenyewe wanamcheka, maana alishawaahidi kuwaletea Harith. Harith kenda klabu ndogo ya Hamriya, ina kiungo mwenye mvi za ndevu, na Harith atakaa benchi amtazame anavyocheza. Kocha wao yuko pale miaka, hana mpango wa kuondoka.

Bi Zuwena kanambia, "Ushapata ulilolitaka. Sasa muachie Mungu." Nikamwambia nimemuachia. Nimemdanganya. Usiku mwengine nnajiuliza, nilikwenda Matrah kumwokoa mtoto wa watu au kukulipizia wewe? Kama Harith angekuwa anafaa kwenda, ningesema? Sijui. Nnajua tu kwamba Khalfan bado ana kiti chake, na bado hajakutaja kwa kheri mbele ya watu kama alivyokutaja kwa shari.

Basi nakuaga, Ami yangu. Mungu akupe nuru huko uliko. Na nnakuahidi hili. Iko siku Harith atakuwa ameiva, ataingia uwanjani kucheza dhidi ya timu ya Khalfan. Siku hiyo ntanunua kiti cha nyuma ya Khalfan, nyuma yake hasa, karibu na sikio lake. Na kila pasi Harith atakayoipiga ikafika, ntalitaja jina lako kwa sauti.

Mwanao,
Seif mdogo