Niliitikia Peke Yangu

Neema mjukuu wangu,

Hapa Kigera hatujambo, ila babu yako bado anakohoa. Unaniuliza naendaga Butiama kufuata nini kwenye kituo cha utamaduni cha chuo.

Nilipokuwa msichana, mama alikuwaga anatusimulia hadithi tukianika dagaa. Akiita tunaitikia, ndipo anaendelea. Siku moja tulichoka, tukanyamaza. Naye akanyamaza. Mwisho wa hadithi ile sijaujua mpaka leo.

Juzi pale kituoni msimuliaji akaita vilevile, kwa Kijita chetu. Ukumbi mzima kimya, watu wameinua simu wanarekodi. Nikaitikia peke yangu. Akanitafuta kwa macho, akaendelea.

Likizo uje nikufundishe kuitikia. Siku nikinyamaza mimi, nani atamjibu?

Ni bibi yako, ninayekuwekea kiti pale kituoni.