Maganda Yaliyoshiba

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, wewe na mama, pamoja na huyo mwanangu Chiriku anayewachosha masikio. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa dawa za maabara.

Yale maji ya kiwandani uliyonitumia kwenye chupa nimeyapima. Yamejaa risasi. Mnapovunja betri kuukuu na kumwaga tindikali mtaroni, madini ya risasi yanakwenda nayo, na mtaro wenyewe unapita nyuma ya nyumba za watu. Sasa nisikilize. Hapa tunachukua maganda ya kamba wanayotupa wauza samaki, tunayachemsha kwenye magadi makali, kisha tunayatia dawa ya kuyazidishia nguvu ya kunasa. Yanakuwa kama unga wa chengachenga. Nimepitisha maji yenu humo, risasi karibu yote ikabaki kwenye unga.

Nimempa dereva wa lori la betri magunia kadhaa akuletee. Tieni chokaa kwanza kuua ukali wa tindikali, halafu pitisheni maji kwenye pipa la unga. Unga ukishashiba, usiutupe. Mrudishie dereva huyohuyo, tutauosha utumike tena.

Nibusie Chiriku.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako ni magoti tu, nayo yamekuwa kama wapangaji wabishi, hayahami. Chiriku anaongea hadi usingizini. Jana kaniuliza kuku akipiga chafya anajifuta na nini.

Magunia yalifika. Wenzangu walinicheka: "Mzee leo anatupikia supu ya kamba!" Mwenye kiwanda alikuwa ameshatishiwa na wakaguzi kwamba watamfungia, kwa hiyo akasema tujaribu, liwalo na liwe. Nilipofungua koki, maji yakatoka maangavu, unaona hadi chini ya ndoo. Aliyecheka kuliko wenzake ndiye aliyekwenda kutafuta pipa la pili.

Nimefanya kazi hapa tangu hujazaliwa na mwenye kiwanda hajawahi kunipa mkono. Juzi alinipa. Mama yako naye hakamatiki, kila jirani anaambiwa, "Binti yetu anaosha maji."

Baba yako


11 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Usione kimya, kazi imenikaba. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Dereva alirudisha magunia ya unga ulioshiba mara ya kwanza tu. Sasa amekataa, anasema yanavuja na kumchafulia lori. Mwenye kiwanda naye hataki yaonekane uani, anaogopa wakaguzi wakianza kuuliza maswali. Akaniambia, "Yaondoe. Pa kuyapeleka utajua mwenyewe." Nikayaleta nyumbani, nikayaanika kando ya ukuta mpaka nipate dereva mwingine.

Mama yako akaniuliza ni kitu gani. Nikamwambia ni maganda ya kamba. "Sasa mbona mnayaacha yaharibike?" akasema. "Kuku si wanataka maganda?" Unamjua, huyo hapotezi hata punje. Anawachanganyia kwenye pumba. Mayai yamekuwa na ganda gumu ajabu, na Chiriku asubuhi hataki kula kitu kingine ila hayo.

Ila tumbo linamsumbua, na choo hapati vizuri. Tumempa dawa ya minyoo. Amekuwa mpole pia, anakaa tu pembeni. Mama yako anasema ndio kukua huko.

Baba yako


17 Juni

Baba,

Sina muda wa salamu. Asile yai tena. Mtu yeyote asile mayai hayo wala kuku hao. Yale maganda ndiyo yaliyobeba risasi yote iliyotoka kwenye maji. Haikufa, Baba, ilihama tu. Msiyafagie, vumbi lake ni sumu. Mpelekeni mtoto hospitali sasa hivi, waambieni ni risasi, si minyoo.

Nimepiga simu kiwandani. Karani akasema wafanyakazi hawaitwi kwenye simu. Nikamwambia mtoto wangu anakufa, akakata.

Basi la leo limejaa. Kondakta amekubali kubeba karatasi, mtu amekataa. Napanda lijalo.

Mama Chiriku


30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Nakuandikia tena bila kujua kama unazisoma. Tangu ulipomtoa hospitali ya huku ukapanda naye basi kwenda kwa madaktari wa huko, hatujapata neno. Mama yako alikuwa amesimama kituoni na kikapu cha nguo za mtoto. Ulimpita kama nguzo. Sikulaumu, nakukumbusha tu kwamba kikapu kipo.

Watu wa afya walikuja wamejifunika pua. Wakazoa maganda, kuku, hata udongo wa uani. Tumebaki na shimo mbele ya mlango. Kiwandani mapipa yametolewa na maji yanakwenda mtaroni kama zamani. Nilipouliza, mwenye kiwanda akaniambia mbele ya wenzangu, "Usafi wako si tumeuona?" Nikavua glavu, nikaziweka mezani kwake, nikaondoka.

Mama yako anapika, anapakua, halafu anakaa mbali na sahani. Tuandikie, hata mstari mmoja, nimsomee.

Baba yako


21 Septemba

Baba,

Shikamoo. Barua zako zote nimezipata. Nilikuwa sina mkono wa kuandika.

Mwambie mama mtoto anaendelea vizuri. Degedege lililomshika hospitalini limekoma, anakula. Hayo ndiyo ya kumsomea. Kuanzia hapa ni yako peke yako.

Wamempa dawa ya kunasa risasi kwenye damu. Inafanya kazi kama unga wangu, inaishika na kutoka nayo kwenye mkojo. Daktari alipokuwa akinieleza nilianza kucheka, nikashindwa kuacha, mpaka muuguzi akaniletea kiti. Damu inasafishika. Lakini iliyofika kwenye ubongo imeshaharibu. Haongei, Baba. Kijiko kinamtoka mkononi. Nikimwita, ananitazama kama mtu aliye upande wa pili wa kioo. Daktari anasema huenda maneno machache yakarudi. Huenda.

Mkuu wa maabara anasema unga ulifanya kazi barabara. Ni kweli. Nilikuandikia usiutupe, sikukuandikia kwamba ni sumu. Nilidhani inajulikana.

Najua mama hakujua. Kila nikiamka najiambia hivyo. Lakini asije huku. Nikimwona, nitamwona anammenyea yai.

Binti yako


2 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nilimsomea mama yako mpaka pale uliponiambia niishie, nikakunja karatasi.

Akasema, "Bado kuna maandishi."

"Mambo ya kazi tu hayo."

"Mume wangu, kusoma karatasi sijui. Uso wako naujua. Soma."

Nikasoma. Yote, hata hilo la yai. Unisamehe, nilishindwa kumdanganya.

Hakulia. Aliniuliza, "Haongei kabisa?" Nikamwambia ndivyo ulivyoandika. Akaenda kuosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha. Asubuhi nikamkuta amevaa viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda.

Nikamwambia, "Mwanao amesema usije."

"Nimesikia. Mwandikie kwamba nakuja. Yeye akienda kazini, mtoto anasemeshwa na nani? Mtoto asiyesemeshwa, maneno atayaokota wapi?"

"Akikufungia mlango?"

"Nitakaa nje. Nitamsemesha kupitia dirishani."

Mwanangu, nimejaribu kumzuia nikashindwa, na sijui kama nilijaribu kwa moyo wote. Nimemwandikia mtaa wako kwenye kikaratasi, atamwonyesha kondakta. Mimi nabaki. Kuna wazazi wengine wenye watoto kando ya mtaro, nimeanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia wawapeleke wakapimwe damu. Wengine wananisikiliza. Wengine wanasema huyu si ndiye aliyemlisha mjukuu wake sumu, nami nasema ndiye.

Barua hii sikuipeleka posta. Ameibeba mama yako, kwa hiyo ukiwa unaisoma yeye amesimama mbele yako, na hajui nimeandika nini.

Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Baba yako